Asali Katika Chupa ya Kipimo

Watu wa Isakalyo wanapenda kucheka, na hilo lisichukuliwe kuwa sifa. Kijiji chao kiko mashariki ya Tabora, pale ambapo njia ya zamani ya misafara ilitokea Ugogo ikielekea Kwihara. Babu zao walioikanyaga njia hiyo na pembe za ndovu begani waliwaachia wajukuu vitu viwili tu: mabega mapana na utani. Mabega yamekwisha. Utani upo, na ndio uliomwingiza Mama Shigela katika jambo ambalo hata leo hajui aliweke wapi.

Jina lake hasa ni Minza. Shigela ni mwanawe wa kwanza, aliyekwenda kulima tumbaku Urambo. Alikuwa na wa pili pia, Kashindye, ambaye hakufikisha miaka mitatu. Kashindye aliuawa na maji ya lambo. Siku hizo Isakalyo wote walikunywa lambo moja na ng'ombe, na kiangazi kikikaza lambo lilikuwa tope, wanawake wakaenda kufukua mchanga wa korongo na kukaa pembeni ya shimo na kata mkononi, wakingoja maji yajikusanye. Ukipata ndoo moja, jua limekwisha kukuchoma utosi. Mtoto alihara siku nne, ya tano akazikwa. Mama Shigela alipotoka makaburini hakwenda kulala matanga kama inavyopasa. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji na kumwambia kwamba anataka kisima.

"Nani hataki?" alisema mwenyekiti.

Ndivyo kamati ya maji ya Isakalyo ilivyozaliwa: wanawake saba, daftari moja, na hasira ya mama mmoja. Hawakuwa na ofisi wala muhuri. Mama Shigela alikwenda wilayani mara kumi na moja, mara nyingine kwa baiskeli ya kukodi, mara nyingine kwa miguu, mpaka walinzi wa getini wakawa wanamwita Bi Maji. Ikapita miaka sita. Mwaka 2011, wafadhili ambao hakuna aliyewahi kuwaona walilipia mtambo wa kuchimba, na mtambo ukaja na Mgogo juu yake.

Huyo Mgogo aliitwa Chilongani. Alikuwa fundi wa mtambo, mrefu, mkavu, masikio yametobolewa kama ya wazee wa kwao. Hakuteremka hata chini kabla hajaanza utani.

"Wanyamwezi!" alipiga kelele. "Tueni mizigo niwape maji! Babu zenu walilipa hongo ya njia Ugogo kwa kila kibuyu cha maji. Leo nimewafuata nyumbani, tena bure. Mjukuu wa Mgogo ana huruma kuliko babu yake!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mtani amefika. Mama Shigela akasogea mbele, mikono kiunoni, akamjibu kwamba Mgogo hajawahi kutoa kitu bure tangu dunia iumbwe, na kama amekuja kuomba, aseme mapema wamtafutie kopo. Kwa wiki mbili za uchimbaji ikawa ndiyo hali. Chilongani akiketi kula, wanamfichia kijiko. Akilala kivulini, wanamfunga kamba za viatu viwili pamoja. Naye akikuta mwanamke ana ndoo kichwani humwita mpagazi na kumuuliza mzigo wa Mwarabu anaupeleka wapi. Mnyamwezi na Mgogo hawakasirikiani kwa neno. Anayekasirika ndiye anayeaibika, na aibu hiyo itamfuata mpaka kwa wakwe.

Siku maji yalipopanda, mita tisini na mbili chini ya mwamba, kijiji kizima kililoa. Maji yalikuwa meupe, ya baridi, hayana harufu. Wanawake walikimbilia sabuni. Hapo ndipo walipoona maajabu: kipande kidogo tu cha sabuni kilitoa povu la kujaa beseni, na maji yakateleza mikononi kana kwamba yametiwa mafuta. Walizoea maji ya lambo yanayokula sabuni mche mzima. Walicheza ngoma pale pale kwenye matope.

Chilongani hakucheza. Alichota kwa kiganja, akaonja, akatema, akasugua vidole.

"Maji yenye povu hili nayajua," alisema kwa sauti. "Tulichimba ya namna hii upande wa Singida. Watoto wao sasa wana meno ya kahawia, na wengine miguu imepinda kama upinde. Haya yapimwe kwanza."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Mgogo ana wivu!" mmoja alisema. "Anataka aturudishe kwenye lambo ili aje atutoze hongo!" Chilongani naye akacheka, maana angefanyaje? Mtani akisema, husikilizwa kwa meno, si kwa masikio.

Lakini jioni ile, jua likiwa bado juu ya vichaka, alikuja nyumbani kwa Mama Shigela peke yake. Alikuwa amevua kofia. Mkononi alikuwa na chupa mbili safi zenye vifuniko vyekundu, amezijaza maji ya kisima na kuziandika tarehe.

"Mama Shigela, leo utani nimeuacha barabarani," alisema. "Bosi wangu hataki kungoja, keshokutwa tunahamia kwingine, na amesema vipimo ni shauri la kijiji. Chupa hizi zipeleke mwenyewe maabara ya maji, Tabora mjini, ndani ya siku tatu. Mpaka jibu lije, watoto wasinywe. Watu wafulie, waogeshee ng'ombe, lakini watoto wasinywe."

Mama Shigela alimtazama. Alimwona ni mtu mwingine, sura imetulia, macho hayachezi. Alielewa. Hilo ni lazima lisemwe, kwa sababu baadaye alijidanganya miaka mingi kwamba hakuelewa. Alielewa vizuri. Miaka sita ya kwenda wilayani, kaburi la Kashindye, wanawake waliokuwa wakicheza ngoma, na mgeni rasmi anayekuja Jumamosi kukizindua kisima: yote aliyaona yakirudi chini ya mwamba. Aliogopa. Na aliyeogopa mbele ya mtani ana mlango wa kutokea ambao mtu mwingine hana.

"Mgogo akiacha utani," alisema, "ataombea nini?" Akanyanyua ndoo ya maji iliyokuwa kizingitini na kummwagia kichwani.

Majirani waliokuwa wakichungulia kwa mbali, pasipo kusikia maneno, wakaangua kicheko. Chilongani alisimama akichuruzika. Aliziweka zile chupa chini, taratibu, akavaa kofia yake juu ya nywele zilizoloa, akaenda zake.

Jumamosi, mbele ya mgeni rasmi na watu wa vijiji vinne, Mama Shigela alimwita fundi mbele akabidhiwe shukrani ya Isakalyo. Chilongani alikuja. Akapewa chupa mbili zenye vifuniko vyekundu na tarehe aliyoiandika kwa mkono wake. Maji yalikuwa yamemwagwa. Ndani mlikuwa na asali, ile nyeusi ya misitu ya miombo.

"Hongo yako hiyo, Mgogo!" alisema Mama Shigela kwenye kipaza sauti. "Kapime!"

Haijawahi kutokea Isakalyo kicheko kama kile. Mgeni rasmi alifuta machozi. Chilongani alifungua kifuniko, akachovya kidole, akalamba, akasema asali ni nzuri. Kisha akamtazama Mama Shigela kwa muda kidogo, akarudi kwenye gari. Kwenye karatasi za makabidhiano, mahali pa vipimo paliachwa wazi. Hakuna aliyeuliza.

Mradi ukakua. Kwanza pampu ya mkono, na foleni yake ya ndoo. Mwaka wa tatu likaja tangi la lita elfu hamsini juu ya kilima, na sola za kusukuma maji. Kamati ikaandikishwa kuwa jumuiya ya watumia maji, ikapata muhuri, ofisi ya vyumba viwili, pikipiki ya fundi bomba. Kijiji jirani wakaomba, bomba likavutwa. Cha pili wakaomba. Kufikia mwaka wa kumi mabomba yalikuwa yamefika vijiji vinne, shule tatu na zahanati, na wageni walitoka mikoa ya mbali kuja kujifunza jinsi wanawake saba wa kijijini walivyoanzisha kitu kikubwa hivyo. Kila aliyekuja alionyeshwa Mama Shigela. Alipigwa picha mpaka akachoka kutabasamu.

Na kila bomba jipya lilipofunguliwa, alizikumbuka zile chupa. Mwaka wa kwanza angeweza kusema, "Jamani, tulisahau kupima." Lingekuwa jambo la watu mia tatu. Mwaka wa tatu lilikuwa la elfu moja. Kadiri maji yalivyokwenda mbali ndivyo mdomo wake ulivyozidi kuwa mzito, na alipostaafu uenyekiti wa jumuiya na kumwachia Anselm, kijana msomi mwenye bidii, alimkabidhi funguo, muhuri na madaftari, akanyamaza. Watoto walikuwa wameanza kuota meno yenye mabaka ya kahawia. Watu walisema ni miwa. Wengine walisema ni dawa za meno za siku hizi. Walitaniana tu: mwenye meno meupe ni mgeni.

Kisha ikawa zamu ya Levina.

Levina ni binti wa Shigela na mkewe Bertila, aliyebaki Isakalyo kwa mama mkwe; ni mjukuu aliyelelewa mgongoni mwa bibi yake na kunyweshwa maji ya bomba tangu siku ya kwanza. Alipofika miaka saba, magoti yake yalianza kuachana. Alipofika tisa, alitembea kama bata, na akisimama na miguu pamoja, mbwa angepita katikati. Usiku alilalamika mifupa. Bertila alimpeleka hospitali mjini, na daktari, baada ya kutazama picha za mifupa na meno, aliuliza swali moja tu: mnakunywa maji gani?

Wapimaji wakaja mwezi wa nane. Jibu likaja mwezi wa tisa: madini ya floraidi, zaidi ya mara tano ya kinachoruhusiwa. Watoto kumi na tisa wa vijiji vinne wakaonekana wamepinda miguu. Waliambiwa kisima kifungwe kwa maji ya kunywa mpaka bomba la maji ya ziwa lifike upande wao, na hakuna aliyeweza kusema litafika lini. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa guu lililopinda halikuwa la asiyesikia, lilikuwa la mjukuu wake.

Ajabu ni jinsi kijiji kilivyolipokea. Wazee walikumbuka. "Yule Mgogo alitamka," walisema. "Alisema meno, yakawa meno. Alisema miguu, ikawa miguu. Mtani hatamki ovu bure. Alikuwa na kinyongo cha asali." Kufumba na kufumbua ikawa imeshakuwa hakika kwamba Chilongani alikilaani kisima, na kwamba dawa yake si kukifunga bali kukitakasa. Anselm alijaribu kueleza, akaitwa mtoto wa vitabu. Mkutano mkuu wa jumuiya ukapangwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi: kifungwe, au aitwe mganga aondoe neno la Mgogo na watu waendelee kunywa. Walioegemea kwa mganga walikuwa wengi kwa mbali. Nani anataka kurudi lamboni?

Mama Shigela alijua kwamba watu wakisikia Mgogo aliacha utani, akaleta chupa, akasihi, laana ingekufa siku hiyo hiyo na kisima kingefungwa. Alijua pia ni watu wawili tu wanaojua hilo. Akaamua kumtafuta wa pili, Chilongani mwenyewe. Akija yeye akasema, aliwaza, mimi nitaitikia tu. Peke yangu sina mdomo huo. Alimwambia Bertila anakwenda kumsalimu ndugu Manyoni.

Basi lilipita Itigi mchana. Nje ya dirisha kichaka kilikuwa kikavu, nchi ile ile ambayo babu zake waliivuka wakihesabu vibuyu. Alielekezwa na kondakta, kisha na mwenye bodaboda, na alipofika kijijini kwa Chilongani hakuhitaji kuuliza nyumba. Ilikuwa ile yenye watu wengi na turubai.

Chilongani alikuwa amefariki juzi yake. Kifua, walisema. Kaburi lilikuwa limechimbwa, jeneza liko nje, mchungaji anamalizia.

Mama Shigela alisimama pembeni, mtandio umemtelemka. Mzee mmoja akamsalimu, "Mbukwenyi," na akamuuliza ametoka wapi. Alipojibu ametoka Unyamwezi, uso wa mzee ulichanua.

"Mtani!" mzee aliita. "Jamani, marehemu amepata mtani wake kutoka Unyamwezi! Hatuziki kabla hajasema!"

Watu wakamsukuma mpaka ukingoni mwa kaburi. Ni haki ya mtani: msibani yeye ndiye anayekejeli, anayemwiga marehemu, anayezuia jeneza mpaka apewe kitu. Waombolezaji waliochoka kulia walikuwa wakimtazama kwa hamu. Mama Shigela alifungua mdomo.

"Mtu huyu alituchimbia kisima," alisema. "Akatuambia maji ni mabaya. Alikuja kwangu amevua kofia, akaniletea chupa za kipimo, akaniomba watoto wasinywe. Nikammwagia maji. Nikamwaga kipimo, nikamjazia asali mbele za watu."

Kicheko kikalipuka chini ya turubai. Wanawake walipiga makofi. "Asali!" mzee alirudia, akishika mbavu. "Mnyamwezi anapima maji kwa asali!"

"Sitanii," alisema Mama Shigela. "Wajukuu wetu wamepinda miguu. Mjukuu wangu hatembei vizuri. Kosa ni langu."

Wakacheka zaidi. Alipoanza kulia, akikaa chini kwenye udongo mpya, sauti moja ilisema huyu anajua kulia kuliko wafiwa, na vigelegele vikapanda. Akaletewa kuku, amefungwa miguu, akawekwa mapajani mwake, kwamba mtani amelipwa, sasa marehemu apite. Jeneza likashushwa. Yeye alibaki ameketi na yule kuku.

Watu walipotawanyika, mjane alimjia. Alikuwa mwanamke mnene mwenye macho makavu, na Mama Shigela alikumbuka kwamba katika kicheko kile hakuwa amesikia sauti yake.

"Pole kwa msiba, dada," alisema Mama Shigela.

"Asante. Mimi nimekusikia," alisema mjane. "Aliporudi mwaka ule aliniambia. Alisema, nimewaambia wamecheka, nikamwambia mama mmoja peke yake, naye akacheka. Kila alipoonja asali aliuliza, wale watoto sijui wakoje." Akamrudishia mtandio kichwani. "Hapa umesema, na tumecheka, kwa sababu hapa wewe ni mtani. Nenda ukaseme kwenu. Kwenu huna mtani."

Mama Shigela alipanda basi na yule kuku wake. Njia nzima ya kurudi, maneno yale yalimkaa. Alikwenda Ugogo kutafuta mtu wa kumsemea, na hata pale kaburini, katika uchungu wake wote, kulikuwa na kijisehemu cha moyo kilichopata nafuu watu walipocheka. Alijichukia kwa hilo.

Jumamosi mkutano ulifanyika kwenye ua wa ofisi ya jumuiya, watu wa vijiji vinne wameketi chini. Anselm alisoma majibu ya vipimo, akazomewa. Mzee mmoja alisimama kusema mganga amepatikana, tena wa uhakika, anatoka Sikonge. Makofi. Ndipo Mama Shigela alipoinua mkono, na kwa heshima ya mwanzilishi wote wakanyamaza.

Alisema yote. Alisema jua lilipokuwa, kofia, chupa, ndoo. Alisema aliogopa. Alisema Mgogo hakulaani mtu, alisihi, na kwamba amezikwa Jumanne akiwa na jina chafu ambalo yeye ndiye aliyempa kwa kunyamaza. Alisema mtoto wake alikufa kwa maji mabaya, na kwa kuogopa hilo akawapa watoto wa wenzake maji mabaya zaidi.

Hakuna aliyecheka. Alingoja walau mtu mmoja akohoe.

Aliyesimama alikuwa Bertila. Levina alikuwa kando yake, amekunja khanga juu ya magoti kama alivyozoea siku hizi mbele za watu.

"Mama," alisema Bertila, "siku ulipomnywesha mwanangu maji ya kwanza, ulijua?"

"Nilijua."

Bertila aliitikia kwa kichwa taratibu, kana kwamba amejibiwa jambo dogo. Alichutama, akamweka Levina mgongoni, mtoto wa miaka tisa, miguu ikining'inia huku na huku, akamfunga kwa khanga. Kisha akapita katikati ya watu, akatoka uani, akashika njia ya kwenda kwao, kwa wazazi wake. Levina aligeuka mara moja kumtazama bibi yake, akauliza kitu ambacho hakikusikika.

Baada ya muda Anselm aliuliza, kwa sauti ya chini, nani wanaotaka kisima kifungwe. Mikono iliinuka mmoja mmoja, mizito, ya wanawake ambao kesho alfajiri wangekwenda lamboni. Mama Shigela alinyoosha wake akiwa bado wima, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aketi.